Andazi la mwanangu mdomoni, halafu anamwambia mieleka si ya kwetu!

mama_wa_126: Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, ukumbi uko nyuma yangu, vidole vinatetemeka na siyo kwa baridi, japo nje ni nyuzi 12 chini ya sifuri. Nisipolitoa hili leo nitalala nalo na litanivimbia.

Simtaji. Mnamjua. Mlioko Des Moines mnamjua, mlioko Cedar Rapids mnamjua, maana hakuna harusi, msiba wala kipaimara anachokikosa jimbo zima la Iowa, hapa Marekani. Sufuria ikifunuliwa Davenport, yeye kanusa akiwa Sioux City. Ile kofia yake. Mnamjua!

Tangu Novemba nafuata msimu wa mieleka wa kijana wangu, ana miaka 16. Wa nyumbani mkisikia mieleka mnawaza ile ya kwenye TV ya kupigana viti. Hii siyo hiyo. Hii ni ya shule, ina refa na mkeka, raundi tatu za dakika mbili mbili. Ukimwangusha mwenzio ukamdhibiti ni pointi 3, akichoropoka anapata 1, na mabega yake yote mawili yakikandamizwa mkekani sekunde mbili, kwisha habari, hata kama alikuwa anaongoza kwa pointi 14. Yote haya nimejifunza mimi, niliyeanza mwaka jana nikiwa nimefumba macho na kanga mdomoni.

Nafanya kazi usiku kiwanda cha nyama. Leo nimetoka zamu saa kumi na moja alfajiri, nikapita nyumbani kuchukua ndoo ya maandazi, nikaendesha mwendo wa saa moja na nusu kwenye theluji ili niwahi. Kijana anapigana uzito wa paundi 126, kama kilo 57. Wiki nzima anakula kwa kujihesabia. Jana aliniambia, "Mama, niwekee manne. Nikimaliza pambano la mwisho ndiyo nayala." Nikayafunga manne kwenye foili, nikaandika jina lake juu kwa kalamu ya wino mzito. Yaliyobaki ndooni nikasema karibuni wote. Yale MANNE yalikuwa na mwenyewe.

Nimekaa kwenye yale mabenchi ya ngazi toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Pambano la kwanza kashinda. La pili kashinda. La tatu anaongoza 6–2, zimebaki sekunde 19, akaingia tena miguuni, yule mtoto mwingine akamkumbatia kichwa na mkono pamoja, akamzungusha. Nililiona bega la kulia likilala. La kushoto lilikuwa na nafasi ya kupitisha karatasi tu. Refa kalala kifudifudi, shavu mkekani, anachungulia, mkono uko juu. Halafu pa! kapiga mkeka, kwisha habari.

Kijana hakupiga kelele. Akampa mwenzake mkono, akaenda akampa mkono na kocha wa kule, akavua kinga ya masikio, akapanda ngazi kuja kwangu, sikio la kushoto limevimba limekuwa kama kitumbua. Akanyoosha mkono kwenye ndoo.

Ndoo ilikuwa mapajani mwa huyo bwana. MAPAJANI. Hana mtoto kwenye timu, hana mtoto kwenye mashindano, alisikia tu Waswahili tuko wengi leo. Foili yenye jina la mwanangu iko chini ya kiatu chake. Mtoto, mkono mtupu, jasho linamtiririka, akamwambia, "Shikamoo, mjomba." Yeye akajibu marahaba huku anatafuna. Akampapasa kichwani kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akasema ukumbi mzima usikie: "Si niliwaambia? Mieleka si ya kwetu. Sisi mpira na mbio. Hii waachieni wenyewe." Andazi la nne mdomoni! Chenga zikamrukia mtoto kifuani!

Kocha wao anawasimulia kila wiki habari za Dan Gable, mwanamieleka wa Waterloo, hapo hapo Iowa. Alipoteza fainali yake ya mwisho chuoni 1970, na 1972 akachukua dhahabu ya Olimpiki Munich bila kumruhusu mtu hata pointi moja. Nani alimwendea 1970 akamwambia mieleka si ya kwenu, huku anamtafunia andazi lake?

Mtoto kamwamkia, jamani. Kafungwa, ana njaa, na bado kamwamkia.

mzee_wa_shamba: Namjua. Msibani kwetu mwezi wa tisa alitoka na mapaja saba ya kuku kwenye mfuko wa koti. Koti lenyewe kaazima kwa mfiwa.

Kajamba_Jr: Nilijua ni yeye kabla sijafika kwenye kofia.

mtoto_wa_mbagala: Mleta uzi punguza povu. Dogo anaongoza 6–2, zimebaki sekunde 19, miguuni anafuata nini? Angezunguka zunguka tu akashinda. Kosa la dogo unamtupia mla andazi.

mama_wa_126: Akizunguka refa anamhesabia kukwepa. Na mimi sikuja hapa kulalamikia bega, bega nimelikubali. Nalalamikia mtu mzima kujibu marahaba na chakula cha mtoto mdomoni, huku kaikanyaga foili yenye jina lake!

mtoto_wa_mbagala: Kukwepa kwa sekunde 19? Anaanza na onyo tu. Dogo alikuwa na pupa kama mjomba wake.

mama_wa_126: SIYO MJOMBA WAKE.

bukavu_moja: Mama, pole sana. Siye ba Bukavu tunamujua ule muntu bien. Na ile ya kusema mieleka haiko ya kwetu, ni bongo, ni uongo. Kule Kinshasa catch, mieleka ya kwetu, inajaza bantu mpaka barabarani, bengine banaingia na fetishi, dawa za uchawi. Mutoto akaze roho.

dar_hotpoti: Samahani, naomba kuelimishwa. Akishinda anapewa mkanda?

baba_mabinti: Medali. Na kuna mashindano mshindi anapewa ile karatasi kubwa ya ratiba ya mapambano, anaibandika ukutani chumbani kwake.

dar_hotpoti: Karatasi??? Watu wanavunjana shingo kwa karatasi???

baba_mabinti: Ndiyo, na mimi ninazo mbili sebuleni, nimezitia fremu. Tena mleta uzi wewe una nafuu, wako ni wa kiume. Mimi ni binti yangu anayepigana. Hapa Iowa wasichana wana msimu wao rasmi tangu 2022–23, fainali zao za kwanza za jimbo zilikuwa Coralville, Februari 2023. Nilidhani hapo maneno yatakwisha. Kila Jumapili nikitoka kanisani nasimamishwa kwenye maegesho: huyu atazaa kweli? Huyu nani atamwoa? Ana miaka 15! Anatakiwa kuolewa na nani? Na aliyeniuliza mara tatu ni huyo huyo, na kofia hiyo hiyo, na mkononi ana sambusa ya mke wangu.

Kajamba_Jr: Sambusa tena 😂😂 Huyu tumchangie kadi ya bima.

nuru_dm: Nyie mnalia andazi. Wangu juzi kaondolewa kabla hajakanyaga mkeka. Wanawakagua ngozi asubuhi, wakamkuta na shilingi (choa) moja nyuma ya shingo, ndogo kama kifungo. Akarudishwa kwenye benchi na nguo yake ya kubana, kakaa siku nzima anawapigia wenzake makofi. Nimefua mashuka kwa maji ya moto, nimepiga jiki begi, viatu, mpaka usukani wa gari. Kisha mama mmoja akanitumia ujumbe kwenye kundi la wazazi kuniuliza kama "kwenu" tunaoga kila siku. Kwetu! Mimi wa Tanga, naoga mara tatu!

mzee_wa_shamba: Mashilingi dawa ipo, na usitumie taulo moja nyumba nzima.

nuru_dm: Sijaomba dawa, mzee wangu. Nimeomba mtu anikasirikie pamoja.

bukavu_moja: Ninakasirika, dada. Ninakasirika sana.

mke_wa_fundi: Na mimi niseme langu. Mume wangu kutwa ananishutumu namnyima mtoto wetu wa mieleka ugali. Bibi yake yuko Ujiji, kamwona kwenye simu mashavu yameingia, anasema tumetupiwa kitu. Hakuna anayemnyima. 1997 wanamieleka watatu wa vyuo hapa Marekani walikufa, Novemba na Desemba hizo hizo, kwa kujikausha kwa jasho ili waingie uzito. Ndiyo maana sasa kabla ya msimu wanapimwa mkojo kuona kama wana maji mwilini, mvulana haruhusiwi kushushwa chini ya asilimia 7 ya mafuta, wala kupungua zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki. Nimemsomea mume wangu yote hayo, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Kanijibu, "Mpe ugali."

mtoto_wa_mbagala: Mpe ugali.

mke_wa_fundi: Wewe nani kakuuliza?

mama_wa_126: Jamani, mada ni ANDAZI. Mtoto kanyoosha mkono, ndoo haina kitu, akasema shikamoo. Njia nzima kwenye gari hajasema neno. Tumefika barabara kuu ndiyo kaniuliza, "Mama, kwani ni kweli si ya kwetu?" Nimesimama kituo cha mafuta, nimemnunulia kuku na maziwa, sasa hivi anakula hapa pembeni yangu na mimi naandika. Nimemwambia Jumanne yuko mkekani na mimi niko benchi, na ndoo nitaikalia.

khadija_old_town: Pole sana dada, Mungu akulindie kijana. Ila niulize, maana hapa Mombasa tunatofautiana: yalikuwa maandazi au mahamri? Uliyatia tui na iliki?

mama_wa_126: Iliki ndiyo. Tui hapana, hapa nalipata la kopo tu.

khadija_old_town: La kopo linafaa, punguza maji. Bila tui hayo si mahamri, ni mkate umefura.

mzee_wa_shamba: Mkate umefura unakuwaje na iliki? Bara tunatia maziwa na yanaliwa. Ushahidi ni huyo bwana.

khadija_old_town: Huyo bwana anakula na foili, si ushahidi.

baba_mabinti: Hamira au baking pauda?

nuru_dm: HAMIRA. Atakayesema baking pauda atoke kwenye huu uzi.

mke_wa_fundi: Mleta uzi, samahani, nimerudi juu kusoma tena. Hiyo ndoo ni ya aiskrimu, nyeupe, kifuniko kimepasuka upande mmoja? Maana yangu uliondoka nayo na pilau siku ya Idi.