Je, ni haki jimbo kudai kila bastola isajiliwe? Sheria za Pennsylvania zimenichanganya

Mwenye Duka, Lancaster

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba mnisaidie kulielewa jambo moja. Duka langu dogo la vyakula hapa Pennsylvania lilivunjwa usiku kwa mara ya pili mwaka huu, na mwezi uliopita nikaamua kununua bastola. Muuzaji alinijazisha fomu mbili. Ya kwanza ni ya serikali ya shirikisho, ile wanayoiita fomu 4473, na ya pili ni ya jimbo, ambayo alinieleza kwamba hupelekwa kwa polisi wa jimbo ikiwa na jina langu na namba ya bastola. Nilitoka pale nikiamini kwamba silaha yangu imesajiliwa, na kusema kweli jambo hilo halikunisumbua hata kidogo, kwa kuwa kwetu Tanzania hakuna anayemiliki silaha kihalali pasipo polisi kujua.

Jirani yangu, mzee mwindaji ambaye tunaheshimiana sana, alicheka nilipomweleza hivyo. Alisema sheria ya Pennsylvania inakataza waziwazi serikali kuwa na daftari la wenye silaha, na kwamba siku daftari hilo litakapoandikwa, siku hiyohiyo mtu ataanza kupanga namna ya kuzikusanya. Shemeji yangu wa Buffalo, kwa upande wake, ananishangaa mimi: huko New York hawezi hata kuiweka bastola chumbani kwake bila leseni, na kila bastola aliyo nayo imeandikwa kwenye leseni hiyo.

Basi naomba kujua, yangu imesajiliwa au haikusajiliwa? Na mnaonaje nyinyi, jimbo lina haki ya kumlazimisha kila mwenye bastola aisajili?

Msomaji wa Sheria

Wewe na jirani yako mko sahihi nyote wawili, na utata umeanzia hapo. Sheria ya Pennsylvania inakataza kweli daftari la umiliki wa silaha, lakini sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji apeleke kumbukumbu ya mauzo ya kila bastola kwa polisi wa jimbo. Wapenzi wa silaha walikwenda mahakamani wakidai kwamba kumbukumbu hizo ni daftari lilelile lililobadilishwa jina. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba si daftari, kwa sababu hazionyeshi silaha zote zilizomo mikononi mwa watu. Aliyehamia hapa kutoka Ohio na bastola yake hayumo, na aliyepewa na baba yake huenda asiwemo pia. Kwa hiyo ununuzi wako umeandikwa, ila umiliki wako haujasajiliwa. Ukiniambia kwamba hiyo ni hila ya mawakili, sitabishana nawe sana.

Katika serikali ya shirikisho mlango umefungwa zaidi. Mwaka 1934 Kongresi ilipotunga sheria ya kusajili bunduki za rashasha, rasimu ilizitaja bastola pia, zikaondolewa kabla sheria haijapita. Na mwaka 1986 ikapigwa marufuku kuanzisha daftari la kitaifa la silaha za kawaida. Polisi wakiokota bastola mahali palipotokea mauaji, hupeleka namba yake kwa ofisi ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, iliyoko Martinsburg, West Virginia. Maofisa wa huko humuuliza mtengenezaji, kisha msambazaji, kisha duka, mpaka ipatikane ile fomu 4473 ya mnunuzi wa kwanza, na hapo njia huishia. Maduka yaliyofungwa hupeleka kumbukumbu zao Martinsburg, zikahifadhiwa kama picha, lakini hakuna anayeruhusiwa kuzitafuta kwa jina la mtu. Hata ukaguzi wa FBI unaofanyika wakati wa kununua hauachi orodha, kwani mnunuzi akikubaliwa, taarifa zake hufutwa ndani ya saa 24.

Ndiyo maana suala hili limebaki mikononi mwa majimbo, nayo yametawanyika vibaya. Hawaii inataka kila silaha isajiliwe. Florida imelifanya kuwa kosa la jinai kwa ofisa wa umma kutunza orodha ya namna hiyo.

Mkaazi wa Chicago

Mimi ni mpinzani wa usajili, na naomba nisichukuliwe kuwa mtu wa kuota njama. Hofu ya yule mzee mwindaji ina historia, tena historia ya mji huu ninaoishi. Chicago ilitaka kila bastola isajiliwe, kisha mwaka 1982 ikakataa kusajili bastola mpya. Hakuna aliyetumwa nyumba kwa nyumba kunyang'anya watu. Karani alifunga tu dirisha la usajili, na aliyenunua baada ya hapo akawa mhalifu. Mji mkuu, Washington, ulikuwa umekwisha kufanya hivyo tangu miaka ya 1970. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani itoe hukumu mbili, ya Heller mwaka 2008 kuhusu Washington na ya McDonald mwaka 2010 kuhusu Chicago, ili marufuku hizo zianguke. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba usajili ni kuandika jina tu, namwuliza ni nani atakayeshika kalamu baada ya uchaguzi ujao.

Jambo la pili ni usalama wa orodha yenyewe. Mwaka 2022 idara ya sheria ya California ilifungua ukurasa wa takwimu za silaha, na kwa uzembe taarifa za watu wapatao 192,000 walioomba vibali vya kubeba silaha zikawa wazi kwa yeyote, majina na anwani zikiwemo. Kwa mwizi, orodha hiyo ni ramani. Wewe mwenye duka, uliyevunjiwa mara mbili, fikiria hilo kwanza.

Na je, jambazi atajisajili? Mwaka 1968, katika kesi ya Haynes, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu asiyeruhusiwa kumiliki silaha hawezi kuadhibiwa kwa kutoisajili, kwa kuwa kujisajili kungekuwa kujishitaki mwenyewe. Mzigo wa kisheria ukamwangukia raia mwema peke yake.

Mama Neema, Baltimore

Ndugu yangu wa Chicago ameeleza vizuri, na ile habari ya dirisha kufungwa sina la kuipinga. Ila kuhusu jambazi, nadhani anamtazama mtu asiyehusika. Hakuna anayetazamia kwamba mwizi atapanga foleni polisi. Usajili unamlenga yule aliyemuuzia: kijana mwenye rekodi safi anayenunua bastola tano kwa niaba ya wengine, halafu moja ikiokotwa penye maiti anasema aliiuza zamani kwa mtu asiyemkumbuka jina, au iliibiwa naye akasahau kuripoti. Kama kila uhamisho ungeandikwa, maneno hayo yasingemsaidia, kwa sababu bastola bado ingekuwa kwa jina lake na yeye ndiye angetakiwa kuieleza iliko.

California, pamoja na aibu ile ya 2022, ina jambo ambalo majimbo mengine hayawezi kulifanya. Tangu 2006 inalinganisha kumbukumbu za bastola na orodha ya watu waliopoteza haki ya kumiliki, kama vile aliyepigwa marufuku na mahakama kumkaribia mkewe. Jina likionekana pande zote mbili, maofisa wanaweza kwenda kuichukua silaha. Kwingine hakimu humwamuru mume aisalimishe bastola, na ikiwa hakuna anayejua anazo ngapi, inabidi aaminiwe kwa neno lake. Nimefanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili kwa wanawake wa aina hiyo. Huulizwa wao: "Ana silaha ngapi?" Wengi hawajui.

Hata hivyo sitetei kila kinachoitwa kumbukumbu. Jimbo langu la Maryland lilianza mwaka 2000 kukusanya ganda la risasi lililofyatuliwa kwa kila bastola mpya, ili lilinganishwe na maganda yanayookotwa penye uhalifu, likarundika maganda zaidi ya 300,000, kisha mwaka 2015 likaufuta mpango huo kwa kuwa haukuwa na faida. Fedha hizo zingewalipa wapelelezi wengi.

Msomaji wa Sheria

Naongeza kidogo kuhusu mahakama. Baada ya Heller, Washington iliandika sheria mpya ya usajili, ikashitakiwa tena. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilikubali usajili wa kawaida wa bastola, ikisema ni desturi ya muda mrefu isiyomwelemea mtu. Jaji mmoja aliyepinga alikuwa Brett Kavanaugh, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ikakata matawi: sharti la kusajili upya kila miaka 3 likaondoka, na la kuibeba silaha hadi ofisini likaondoka pia. Kisha ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Bruen mwaka 2022, inayozitaka serikali zionyeshe kwamba sheria zao zinalingana na mapokeo ya kihistoria ya nchi. Kwa kipimo hicho, uamuzi wa 2011 ungeweza kubishaniwa upya tangu mwanzo.

Mwenye Duka, Lancaster

Nawashukuru nyote. Nilikuja nikiwa upande wa usajili kwa mazoea ya nyumbani, na bado niko huko, ingawa habari ya Chicago imenipunguzia uhakika. Kuna jambo moja tu limebaki. Kijana wangu ametimiza miaka 21 na ndiye atakayelala dukani. Nikimpa bastola hii, nani ataandika?

Msomaji wa Sheria

Hakuna. Bastola ikiuzwa baina ya watu wawili hapa Pennsylvania, lazima wapite kwa muuzaji mwenye leseni au kwa sherifu, lakini mzazi na mtoto wamesamehewa. Jina litakalobaki kwa polisi ni lako, hata kijana akiiuza baada ya miaka 10.

Mama Neema, Baltimore

Basi nenda naye dukani, baba. Sheria haikulazimishi kuandikisha, ila haikukatazi.