Ushauri jamani, niache taarabu niende bongo fleva?

binti_kinanda: Habarini za humu. Nina miaka 24, naimba kwenye kundi la taarabu ya kisasa hapa Dar huu mwaka wa nne. Hela ni posho ya shoo na kile ninachotunzwa jukwaani, wikiendi ikiwa na shughuli mbili nalipa kodi, mfungo ukiingia shoo hakuna ndo njaa kabisa. Sasa kuna prodyuza kanisikia anataka nifanye bongo fleva, anisaini miaka 5, meneja wa kundi kasema nikitoka nisirudi na mama anasema sauti yangu ya taarabu itaharibika. Silali wallahi.

Mzee wa Gombani: Sauti haiharibiki kwa kubadili mdundo mwanangu. Bi Kidude kapiga ngoma za unyago na kaimba taarabu kwa koo lile lile, 2005 akapewa tuzo ya WOMEX keshakuwa bibi kizee. Na Zuchu alivyotoka 2020, ni bongo fleva ndiyo ila sikiliza anavyovuta maneno, utajua tu ni mtoto wa Khadija Kopa, yule mwimbaji wa taarabu.

nasra_tz: Zuchu alikuwa na lebo kubwa nyuma yake jamani tusidanganyane. Mdogo wangu miaka 5 ni mingi!! Uliza masta (rekodi zenyewe za nyimbo) zinabaki za nani, jina la kisanii la nani, kwenye shoo anakata ngapi. Mimi nilisaini bila kusoma, leo nyimbo nilizotunga mwenyewe siruhusiwi kuziimba. Mtafute mwanasheria, na tungo zako kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaingia studio ya mtu.

Shangazi Mwajuma: Taarabu mwanamke anazeeka na heshima yake. Kopa katoka kundi la Culture kule Unguja akaja kundi la TOT huku bara, mpaka leo akishika maiki watu wanainuka kutunza. Huko fleva ukifika 35 ushaitwa bibi.

nasra_tz: Shangazi, na Jide (Lady Jaydee) wa bongo fleva je? Yupo tangu mwanzoni mwa 2000 na hajazimika, alijenga bendi yake akapiga laivu.

binti_kinanda: Asanteni sana. Nimemwomba prodyuza mkataba niusome nyumbani, kasema hautoki ofisini kwake. Nikamwambia basi turekodi wimbo mmoja kwanza bila kusaini, anasema atafikiria. Meneja nimwambie au ninyamaze?

Mzee wa Gombani: Mwambie mwenyewe, leo hii, kabla hajaambiwa na wapiga kinanda wenu. Na huo mkataba wa kusomewa ofisini usiuguse mwanangu.