Tupeane uzoefu: nyigu wa njano wa Marekani na Ulaya, mmewaona wakila nini?

Mleta uzi (Ohio): Habari zenu wakuu. Nawazungumzia wale nyigu wa njano wenye mistari myeusi, wanaojenga kwenye mashimo ardhini. Nyigu wa darini tuliokua nao nyumbani hawana habari na sahani ya mtu, ila hawa! Juzi tulichoma kuku nje, mmoja akatua kwenye paja. Nikainama kumwangalia. Alikuwa anakata nyama kwa taya kama mkasi, akaiviringa kidonge kwa miguu ya mbele, akaruka nayo. Baadaye akarudi palepale, sahani ilishaondolewa, akabaki anazunguka juu ya meza tupu. Wengine mmeona nini?

Wa Minnesota: Ile nyama hali yeye, mkuu. Nyigu aliyekomaa hamezi kitu kigumu, kiuno chake hakipitishi. Anawapelekea mabuu kiotoni, nao wakishalishwa wanamtolea tone la maji matamu mdomoni, analinywa. Ndiyo maana kuanzia Agosti wanakuwa wasumbufu: mabuu wanapungua, tone halipatikani, wanahamia kwenye soda na matufaha yaliyooza chini ya mti.

Wa Stuttgart: Kweli kabisa. Huku msimu wa keki za plamu unawakuta ndani ya kabati la kioo dukani, na muuzaji anapitisha mkono katikati yao taratibu. Ujerumani sheria inakataza kuwaua bila sababu ya msingi.

Mfuga nyuki, Oregon: Mimi wananiumiza roho. Anamvizia nyuki mlangoni pa mzinga, anamwangusha, anakata kichwa, mabawa, miguu na tumbo. Anabeba kifua peke yake, kwa sababu misuli ya kurukia iko humo, na ndiyo nyama yenyewe. Asubuhi nakuta vichwa vimetapakaa chini. Nimebana mlango ukabaki upenyo mdogo ambao nyuki walinzi wanaumudu, na mzinga dhaifu ndio naukagua kwanza.

Mama wa wawili, Leeds: Wenye watoto, tafadhali, soda ya kopo msiwape nje. Nyigu anaingia ndani bila kuonekana, na akimuuma mtoto kooni koo linavimba mpaka pumzi inabana. Mimineni kwenye glasi inayoonyesha ndani.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mliopo Cape Town, nyigu hawahawa wako huko tangu miaka ya 1970. Kwenye mashamba ya zabibu wanafanya nini?