Maumivu sugu ya mgongo: tutibu pingili au ubongo?

Wakuu, mgongo wangu una mwaka wa tatu sasa. Picha ya MRI ilisema diski, yaani vile vibao laini kati ya pingili, zimechakaa, nikabugia dawa ya maumivu, diklofenaki, hadi tumbo likagoma. Juzi mtaalamu wa fiziotherapia kaniambia jeraha lilishapona zamani. Ubongo ndio haujaacha kupiga kengele. Nikamtazama tu. Yaani nasingizia?

Nilipoenda kusoma nikakuta jamaa ana hoja. Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi wa picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo kabisa: diski zilizochakaa zilionekana kwa 37% ya wenye miaka 20, na 96% ya wenye miaka 80. Sasa ile picha niliyolipia ilinionyesha ugonjwa au umri? Halafu kuna waliokatwa mguu, bado wanaumwa vidole ambavyo havipo. Hapo utachoma wapi sindano?

Msimamo wangu: maumivu yakipita miezi 3 na hamna dalili ya hatari, mtu aelimishwe na arudishwe kwenye mwendo kwanza. Picha na sindano baadaye. Anayepinga aje.

Mama Wawili: Napinga. Mdogo wangu aliambiwa "ni mawazo, punguza stresi" miezi minane. Ikaja kuonekana ni TB ya mgongo, pingili imeshaliwa. Hiyo hadithi ya ubongo ikishafika zahanati inageuka kisingizio cha kutompima mtu, hasa akiwa mwanamke.

Kijana wa Maabara: Pole sana dada. Ila kusema maumivu yanatengenezwa na ubongo si kusema ni ya uongo. Kule Boulder, Marekani, watu 50 wenye mgongo sugu walifundishwa kwa wiki 4 kuyatazama maumivu kama kengele isiyo na moto. 33 wakabaki bila maumivu au nayo kidogo mno. Kundi la kulinganisha, waliochomwa sindano ya maji ya chumvi tu isiyo na dawa, ni 10 kati ya 51. Tatizo langu ni jingine: wengi wao walikuwa wasomi, na maumivu yao hayakuwa makali sana. Mbeba mizigo wa Kariakoo utamwambia apumzishe ubongo wakati gunia linamsubiri?

Mwanzisha mada: Mama Wawili, hapo umenibana. Homa za jioni, kukonda, ganzi ya miguu, mkojo kugoma: hao wapimwe siku hiyohiyo, sibishi. Mimi sina hata moja. Sindano ya Jumatatu nimeahirisha, naanza kutembea. Mke wangu yuko upande wako, lakini.