Ushauri: video ya mizinga mizito ya vita vya Marekani, niibebe kwa Dictator au Fort Pulaski?

Mpiga_Soga
Wakuu, salaam. Nina kachaneli kangu ka historia kwa Kiswahili. Video ijayo ni ya mizinga mizito ya kuzingira ngome na miji katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Nina dakika kumi tu. Nilipanga zote ziende kwa Dictator, ile mota (mzinga mfupi, mnene, wa kurusha kombora juu) ya inchi 13 ambayo jeshi la Kaskazini liliipandisha kwenye behewa la reli pale Petersburg, Virginia, mwaka 1864. Dude la karibu tani 8, kombora lake moja karibu kilo 100! Shemeji yangu, ambaye ndiye mhariri, anasema nimependa ukubwa tu. Yeye anataka Fort Pulaski, ngome ambayo watazamaji wangu wengi hawajaisikia. Nani yuko sahihi?

Kijiwe_cha_Ngome
Shemeji. Pulaski iko Georgia, jimbo la upande wa Kusini, ilijengwa kwa miaka 18, matofali yapata milioni 25, kuta nene kupita mita 2. Robert E. Lee, jenerali wa Kusini aliyefanya kazi hapohapo ujanani akiwa luteni, alimhakikishia kamanda wa ngome, Charles Olmstead, kwamba mizinga ya kisiwa jirani cha Tybee haiwezi kubomoa kuta zile kwa umbali ule. Kwa mizinga ya kizamani, yenye mtutu laini na risasi ya duara, hakukosea. Lakini Quincy Gillmore wa Kaskazini alikuja na mizinga ya Parrott na James, yenye mifereji inayojipinda ndani ya mtutu. Kombora linatoka likizunguka, halipepesuki, linachimba tofali. Walianza asubuhi ya Aprili 10, 1862. Kesho yake mchana makombora yalikuwa yanapenya tundu la ukuta kuelekea ghala la baruti, na Olmstead akasalimu amri. Kama saa 30 tu.

Sasa sikiliza hili: Gillmore alikuwa na mota za inchi 13 pia, ndugu zake Dictator. Katika makombora yake, hata moja kati ya kumi halikuangukia ndani ya ngome.

Bi_Hadithi
Mwanangu, hizo mota za Tybee usiziache, anza nazo. Zilivutwa usiku, kwenye matope, na mota moja ilihitaji watu 250. Amri zilitolewa kwa filimbi, maana sauti za watu zingewafikia walio ngomeni. Mtu akishaona jasho lile, ndipo umwambie mota zenyewe zilikosa shabaha.

Reli_na_Chuma
Mnamuonea Dictator. Petersburg haikuwa na ukuta wa kubomoa, ilikuwa na mahandaki na maboma ya udongo, na udongo unalimeza kombora bila kupasuka kama tofali. Mota inarusha juu ili kombora limwangukie mtu aliyejificha. Dictator ilielekezwa kwa mizinga ya Kusini iliyokuwa ng'ambo ya mto Appomattox, ikiwasumbua watu wa Kaskazini. Behewa la kawaida halikustahimili kishindo chake, ikabidi liimarishwe kwa boriti na vyuma. Ila usithubutu kusema ndiyo iliyoangusha mji. Petersburg ilianguka Aprili 1865 kwa sababu Grant, jenerali wa Kaskazini, alikuwa ameshakata njia za reli zilizoulisha.

Mpiga_Soga
Nimeelewa: Pulaski iwe kiini, Dictator ije baadaye. Na Swamp Angel je, nimpe nafasi?

Kijiwe_cha_Ngome
Nusu dakika inatosha. Charleston, mji wa Kusini, Agosti 1863, Parrott ya inchi 8 iliyowekwa juu ya kinamasi ili iupige mji wenyewe. Ilipasuka kwenye risasi ya 36. Inakusaidia kuonyesha ubovu wa Parrott: mwili wa chuma cha kusubu, ambacho hupasuka kirahisi, pete ya chuma cha kufua imebana upande wa nyuma tu. Wapiga mizinga waliziogopa, na kwa haki.

Bi_Hadithi
Usisahau kwamba Charleston ilikuwa na raia. Watu wa mizinga husahau.

Reli_na_Chuma
Picha usinunue. Za Dictator, pamoja na ile ya maofisa wamesimama kando yake, zipo Maktaba ya Bunge la Marekani, na ni za zamani mno kudaiwa hakimiliki. Pakua faili kubwa, ile ndogo itavurugika kwenye televisheni.