Nane Nane ya Mbeya: bado ni ya mkulima au ni gulio tu?

MwanjelwaBoy: Wakuu tujadili hili bila matusi. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale siku hizi ni ya nani hasa? Sabasaba ndo ilikuwa siku ya wakulima, miaka ya 90 tukahamishiwa Agosti 8, Sabasaba ikabaki ya wafanyabiashara na maonesho yao ya Dar. Na hii Agosti nayo ukiingia getini unapokelewa na masufuria, vitenge, laini za simu na nyama choma, mahindi uyatafute huko nyuma. Tumeporwa mara mbili.

MamaViazi_Isyonje: Sufuria imekukosea nini mwanangu? Nalima viazi mwaka mzima, nikinunua sufuria siku moja imekuwa kesi. Nyie mnaokunywa bia pale mpaka gari la mwisho la Tukuyu linawaacha mbona hamjitaji.

MwanjelwaBoy: Shikamoo mama, bia sinywi.

Igurusi_Mpunga: 😂😂 mama kamaliza

BwanaShamba_Mstaafu: Tatizo si sufuria. Agosti ni kiangazi, vile vipando vya mfano kwenye maonesho vinapandwa miezi kabla, vinamwagiliwa, mbolea inawekwa kamili, palizi kwa wakati, halafu mkulima wa Umalila anayesubiri mvua ya Novemba akiona mbegu ya mahindi UH6303 imebeba vile anadhani ni mbegu peke yake, ananunua, anapanda bila mbolea, mwakani anaitukana mbegu. Uyole iko hapo hapo jirani, kituo cha utafiti wa kilimo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kwa nini wakulima wasiletwe Machi waone zao likiwa kwenye mvua kama ya kwao?

Kilolo_Damu: Mi naomba kuuliza, kwa nini kanda nzima ya Nyanda za Juu Kusini ije Mbeya kila mwaka? 2022 maonesho ya kitaifa Mbeya, rais akazindua mbolea ya ruzuku hapo hapo, 2023 kitaifa tena Mbeya. Iringa sisi wasindikizaji?

Igurusi_Mpunga: Iringa mkipewa mtaonesha nini, nyanya?

Kilolo_Damu: Hizo nyanya za Ilula ndo zinalisha Dar bwana mdogo. Weka na chai ya Mufindi, mbao za Sao Hill, parachichi, nyie zaidi ya mchele mna nini?

Igurusi_Mpunga: Parachichi ni za Njombe, na Njombe ilishakuwa mkoa wake tangu 2012. Acha kujisifia mali ya jirani.

Kilolo_Damu: Kwani Mufindi hazipo? Kilolo hazipo? Na nyie kahawa ya Mbozi muache kuitaja basi, Songwe waliondoka nayo 2016.

Makambako_Stendi: Kamwene. Wenye parachichi tumefika, msitugombanie.

MwanjelwaBoy: Jamani mada…

MzeeWaGhana: Vijana mnasema "pale Mwakangale" kama mnataja baa. Yule alikuwa mtu wa TANU tangu kudai uhuru, akawa mbunge, na Mandela alipopita Mbeya 1962 yeye ndo alikuwa mwenyeji wake.

Igurusi_Mpunga: Mandela huyu huyu? Mzee leo umetupiga kamba 😂

MzeeWaGhana: Alitua na ndege akitokea Bechuanaland, Botswana ya leo, akafikia hotelini hapa hapa mjini. Wewe unajua mchele tu.

Kilolo_Damu: Kwa hiyo kwa vile Mandela alilala Mbeya ndo maonesho yasihame?

MzeeWaGhana: Nani kasema hivyo? Soma kwanza. Mbeya hatujaomba huruma ya mtu, eneo lipo, barabara kuu ya Zambia inapita hapo, Uyole ipo.

BwanaShamba_Mstaafu: Narudia, suala la vipando hakuna aliyejibu.

MamaViazi_Isyonje: Mimi nakujibu bwana shamba. Mbegu nzuri nimeshapata, mbolea ya ruzuku nimejiandikisha, gunia likijaa anakuja dalali na lumbesa, linavishwa kilemba mpaka linakaribia kuwa gunia na nusu halafu bei ni ya gunia moja. Kila Agosti naona mizani inang'aa bandani na kijana ananielezea vizuri kabisa haki yangu. Hiyo mizani ije Isyonje siku lori linapakia, mambo ya Machi na Agosti pangeni nyie wenye elimu.

Igurusi_Mpunga: Mama si ugome kuuza?

MamaViazi_Isyonje: Nigome, viazi vioze, ada utalipa wewe?

Kilolo_Damu: Bado sijajibiwa kuhusu parachichi za Mufindi.