Eti sakafu "inapumua"! Huyu muuza vinaili (zile sakafu za plastiki) tumfanyeje jamani?

Wakuu naandika mikono inatetemeka, mnisamehe herufi. Huyu jamaa mnamjua wala sina haja ya kumtaja, yule wa kalamu sikioni, anayegonga sampuli kwa kucha ngo ngo ngo huku anasema "hii mama utarithisha wajukuu". Huyo huyo. Katoka kwangu sasa hivi.

Sebule nzima imefura. Malengelenge. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi unapanda milima unashuka mabonde, paka mwenyewe siku hizi anazungukia nje. Nikamwita aje aone kazi yake. Kachuchumaa, kabonyeza uvimbe mmoja kwa kidole gumba, ukahamia pembeni, kaniangalia usoni bila hata aibu kasema: "Hii inapumua tu mama, ni kawaida."

INAPUMUA.

Mimi nililipia sakafu, sikulipia mapafu!

Na siku ya kununua nilimuuliza kila kitu. Zege ni jipya, je halina unyevu? Akasema vinaili haidhuriki na maji. Sawa haidhuriki, kwa juu, mwaga ndoo nzima upanguse, ila unyevu unaopanda kutoka chini kwenye zege utokee wapi sasa? Unakaa hapo hapo gundi inalegea kitu kinafura. Nikauliza lile tabaka la juu la kuzuia mikwaruzo lina unene gani, akasema milimita 2, kumbe 2 ni kipande kizima, tabaka lenyewe ni 0.2! Viti vimeshachora ramani ya dunia. Halafu mtu huyo huyo anachuchumaa kwangu ananiambia inapumua. Nikamwambia haya litoboe moja tuone kama litakata roho, KACHEKA. Kacheka ndani ya nyumba yangu, kidole bado kiko juu ya lengelenge.

Nauliza tu, kuna mtu humu sakafu yake inapumua?

Kobe_Mbio: Yangu haipumui, inakohoa. Ni ile ya kliki, vipande vinashikana kwa vijino bila gundi, ukikanyaga katikati ka! ka! ka! Na ni yeye yeye, alitandika sponji nene chini eti iwe laini mguuni, sasa inabonyea kila hatua na vile vijino vya kuungania vimevunjika vyote.

Shangazi_Makavu: "Sikulipia mapafu" 😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka

FundiNgazi: Dada pole, ila na wewe! Muuzaji ndiye wa kumuuliza kama zege limekauka? Ni sawa na kumuuliza fisi kama bucha limefungwa. Chukua nailoni nusu mita kila upande, ibane kwa selotepu pande zote nne, iache siku nzima. Ukifunua ukakuta matone au zege limegeuka jeusi, hubandiki kitu. Na kwa sebule inayokanyagwa tafuta tabaka la juu 0.5, hiyo 0.2 ni ya chumba cha mgeni asiyekuja.

Mwenye uzi: Kwa hiyo ni mimi sasa? Mimi ndiye niliyesema INAPUMUA??

Jirani_Mnoko: Mpe jina tu hiyo sakafu, imeshakuwa mwanafamilia.

BabaMapacha: Nyie mnalia malengelenge, mimi nimetoa zulia la mlangoni lile lenye mpira chini nakuta doa la njano, pembe nne kabisa, nimesugua mpaka vidole vimechubuka.

FundiNgazi: Hilo halitoki mzee. Mpira na vinaili havilali pamoja, kuna kemikali inahama. Rudisha zulia pale pale.

BabaMapacha: Sasa ndo ushauri gani huo

Kobe_Mbio: Na hakuacha hata nafasi ukutani! Jua la mchana likipiga dirishani vipande vinatanuka, havina pa kwenda, katikati inainuka pembetatu.

FundiNgazi: Milimita 5 mpaka 10 ukuta wote, unaficha na ubao wa pembeni. Wanaruka wengi hapo.

Mwenye uzi: Turudi kwa huyu mtu. Alichuchumaa. Alibonyeza. Alisema inapumua.

Bi_Rangi: Afadhali wako kasema ya uongo, wa kwangu wa rangi hasemi kabisa. Nimechagua rangi ya maziwa nimerudi jioni ukuta wa waridi, na swichi kazipaka, na bawaba kazipaka, mlango haufungi.

Shangazi_Makavu: Hahaha huyo mfupi wa kofia? Kwangu alipaka mpaka mjusi.

Jirani_Mnoko: Leta picha ya mjusi

Mwenye uzi: Jamani huu uzi ni wa sakafu

BabaMapacha: Dada subiri kwanza. Bi Rangi, hiyo ya kwenye bawaba ni ya mafuta au ya maji?